Mbegu za Chuo cha Ndivani

Asiyehesabu mbegu asisifu mavuno.

Vijana wawili wa mwaka wa kwanza waliisikia kauli hiyo mkutanoni, wakaona wakubwa wote wakiinamisha vichwa kana kwamba wamekemewa, wakaenda kumwuliza Bibi Nambua imetoka wapi. Bibi Nambua alikuwa mlezi wa bweni katika Chuo cha Ndivani, kule milimani Upare, kwa miaka mingi kabla hajastaafu. Walimkuta akiparua tangawizi kwa ajili ya chai, na hakuiacha kazi yake. Aliwaambia kwamba methali hii ilizaliwa na swali, na kwamba aliyeliuliza hakuwa na jibu wala hakujua amwendee nani: wenzetu walikwenda wapi?

Aliyeuliza ni Nakijwa. Alisomea kilimo papo hapo Ndivani, akaenda chuo kikuu kusomea takwimu, akarudi na kuajiriwa katika ofisi mpya ya tathmini. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja, na mfanyakazi wake alikuwa yeye peke yake. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kuandaa ripoti ya kuwaonyesha wakaguzi jinsi chuo kinavyofanya kazi. Ripoti ikiwaridhisha, chuo kitapandishwa hadhi na kuruhusiwa kupokea wanafunzi mara mbili ya waliokuwapo. Mkuu wa Chuo, Dakta Kajiru, alikuwa amekwisha kumpa sentensi ya kuanzia, nayo ilikuwa imeandikwa langoni kwa rangi ya kijani hata kabla ya utafiti kuanza: Kati ya kila wanafunzi mia wa Ndivani, tisini na sita hufaulu.

Nakijwa aliisoma sentensi ile kila asubuhi akiingia, na kila asubuhi ilimkera pasipo yeye kujua kwa nini. Aliukumbuka mwaka wake wa kwanza, darasa lilivyofurika hata wengine wakasomea madirishani. Aliikumbuka pia siku ya mahafali, walipoenea wote katika safu chache mbele ya mpiga picha, na mpiga picha akawaomba watanuke kidogo ili picha ijae. Mbazi hakuwa katika picha ile. Mbazi ndiye aliyekaa naye dawati moja na kumfundisha hesabu za rutuba ya udongo hadi zikamwingia. Wakati ule Nakijwa alisikia tu kwamba amejitoa, akasikitika siku mbili tatu, kisha mitihani ikamsahaulisha.

Basi alianza kwa kuikagua hesabu ya langoni, akakuta haina kosa. Hapo ndipo hasira yake ilipopata pa kushika. Tisini na sita walikuwa kweli tisini na sita kwa mia, lakini mia ya waliofika kwenye mtihani wa mwisho. Walioondoka kabla ya hapo walifutwa hesabuni, wakawekwa chini ya jina moja la upole: waliojitoa wenyewe. Alipowarudisha katika hesabu, akianza na wote waliopokelewa, aliona kwamba katika kila kumi walioingia langoni, wanne hawakutoka na cheti.

Labda walikuwa dhaifu wa masomo, alijiambia, kwa kuwa ndivyo walimu walivyosema. Akalinganisha alama zao za muhula wa kwanza na alama za waliobaki. Zililingana. Labda ada iliwashinda. Lakini wanaoshindwa na ada huondoka mmoja leo, mwingine mwezi ujao. Hawa walitoweka kwa pamoja, karibu wote katika juma moja, na kila mwaka likawa juma lile lile la jaribio la katikati ya muhula. Tena walikuwa watu wa upande mmoja. Walitoka vijiji vya bondeni, vinavyokunywa na kumwagilia maji ya ndiva.

Hapa Bibi Nambua aliwaeleza vijana wale, kwa sababu mmoja wao alikuwa mgeni wa milima. Ndiva ni bwawa walilolichimba mababu ili maji ya kijito yalale humo usiku, na asubuhi yafunguliwe mferejini kwenda mashambani kwa zamu. Kila mwaka, kabla ya tangawizi kupandwa, katika juma lile lile la jaribio, ndiva hukaushwa na tope lake huzolewa. Kazi hiyo ni ya msaragambo, yaani ya kijiji kizima kwa pamoja, na kila nyumba hutoa mtu. Nyumba isiyotoa mtu hukosa zamu ya maji msimu mzima, na tangawizi isiyopata maji haisikii udhuru. Nakijwa alizaliwa kijiji cha juu penye chemchemi na hakuwahi kuitwa msaragambo maishani mwake. Walimu wengi walikuwa watu wa juu kama yeye. Kwa hiyo walichokiona wao ni wanafunzi wasiothamini mtihani.

Akateremka bondeni kumtafuta Mbazi, akamkuta shambani, matope yakiwa yamemfika magotini.

"Mtakwimu," Mbazi alimwambia, bila kuacha jembe, "umekuja kunihesabu? Miaka yote hiyo nilikuwa sifuri."

Wakacheka, kisha kicheko kikawaishia wote wawili. Mbazi alimsimulia kwamba mwaka ule baba yake alikuwa hawezi kuinama kwa maumivu ya mgongo, na nyumbani hapakuwa na mwanamume mwingine. Aliomba ruhusa ya juma moja, akajibiwa kwamba mtihani haungoji tope, na atakayeukosa ataandikwa amejitoa. Akaenda, akazoa tope, zamu ya maji ikabaki kuwa yao. Na aliporudi chuoni alikuta kitanda chake kina mtu. Ameomba mara mbili arudi amalizie masomo. Mara zote mbili amejibiwa kwamba hawezi kurudi mtu aliyejitoa.

"Mimi sikujitoa, Nakijwa," alisema. "Nilitolewa, kisha nikaambiwa ni mimi."

Siku ya baraza la chuo, wajumbe walikunywa chai kwanza, na kama kawaida ya watu wa Upare mazungumzo yakaangukia tangawizi. Mwenyekiti, Mzee Sekiete, alijisifu kwamba msimu ule alivuna magunia thelathini. Wengine wakampongeza. Dakta Kajiru, ambaye naye alikuwa mkulima mashuhuri, hakumpongeza. Aliweka kikombe chini na kumwuliza swali ambalo kila mkulima wa tangawizi humwuliza mwenzake kabla ya kumpa mkono, kwa maana mbegu ya tangawizi ni tangawizi yenyewe, na mtu huweza kuzika magunia mengi kwa tamaa ya kuonekana amevuna.

"Mbegu ulitia magunia mangapi, Mzee?"

Mzee Sekiete akakohoa, akasema kumi na tano, labda na zaidi kidogo.

"Basi hujavuna, Mzee wangu. Shamba limekurudishia amana yako na shukrani juu." Baraza zima likaangua kicheko, Mzee Sekiete mwenyewe akiwa wa kwanza.

Chai ilipoondolewa, Nakijwa aliitwa asome ripoti kisha atie sahihi. Aliwaamkia wazee, akasimama, akasoma alichokikuta: wanne katika kila kumi, juma moja, upande mmoja wa mlima, alama zisizotofautiana. Aliwaambia kwamba jaribio lingesogezwa juma moja tu mbele, wengi wa hao wangebaki. Alipomaliza, Dakta Kajiru alikuwa akitabasamu kama mzazi anayemvumilia mtoto mbele ya wageni.

"Binti yangu, umefanya kazi kubwa," alisema. "Lakini hao walijitoa. Ripoti hii inahusu wanafunzi wetu."

"Walipopokelewa walikuwa wanafunzi wa nani, Mkuu?"

"Walikuwa wetu. Wakachagua tope."

Mwalimu mmoja akacheka kidogo. Nakijwa aliyahisi masikio yake yakiwaka moto, na sauti ikamtoka polepole kuliko alivyokusudia.

"Mkuu, sasa hivi tu umemnyima Mwenyekiti pongezi kwa sababu hukujua mbegu. Langoni tumeandika mavuno. Mbegu tumeziandika wapi?"

Mzee Sekiete, aliyekuwa bado na jeraha la mzaha wa wakati wa chai, aligeuka akamtazama Mkuu kwa shauku.

"Mtu si tangawizi," Dakta Kajiru alisema.

"Ni kweli, si tangawizi. Tangawizi ikioza ardhini, mwenye shamba husema nimepata hasara, akachunguza maji, akachunguza udongo. Hapa kwetu mtu akipotea tunasema amejitoa, tukaenda kupaka lango rangi."

Ndipo mjumbe mmoja mpole, aliyezoea kupatanisha, alipomshauri kwamba wakaguzi wanakuja Jumatatu, kwamba jina la chuo ni jina lao wote, Nakijwa akiwamo, na kwamba atie sahihi leo, mengine yatarekebishwa hadhi ikishapatikana. Nakijwa aliitazama karatasi iliyokuwa imemngoja, na sentensi ya langoni ikiwa juu yake. Akamfikiria Mbazi na wengine kama yeye, ambao kwa sahihi hiyo wangefungiwa mlango kwa mara ya mwisho, na wanafunzi mara mbili ya waliopo wangeingizwa kupitia lango lile lile ili wapotee juma lile lile. Akaifunika kalamu, akairudisha mbele ya Mkuu.

"Wazee wangu, nisameheni, karatasi hii sitaitia sahihi," alisema. "Nitaandika nyingine inayoanza na kila aliyepita lango hili, juma alilotoka na sababu iliyomtoa, na jina la Mbazi litakuwamo. Hiyo ndiyo nitakayowapa wakaguzi Jumatatu, nikiwa mtumishi wenu au nikiwa mmekwisha kunifukuza. Asiyehesabu mbegu asisifu mavuno."