Buluu Iliyofifia

Anayewamba ngoma hudhani anavuta sawasawa. Mkono wake una siri yake: unajua upande anaokaa bwana wake, na huvutia huko bila kumuuliza. Hildegarda aliusoma ukweli huu mwaka 1996, akiwa mpima sampuli katika maabara moja mjini Morogoro.

Mama yake, Bibiana, aliishi Vidunda na uvimbe kwenye titi. Daktari wa Kilosa alikwisha kumshauri akatwe mapema. Alikataa. Alikuwa akinywa mzizi mwekundu wa mlimani, na alisema angesubiri kwanza maabara ya mwanawe itamke neno. Kila mwezi Hildegarda alipanda basi hadi Mikumi, akaukwea mlima kufuata mizizi mingine ya kupimwa maabara, na kila mara mama alimwambia kwamba uvimbe umenywea kidogo.

Kazi yenyewe ilitaka jicho. Seli za saratani ziliotoshwa katika visahani. Baadhi zikatiwa maji ya mzizi, nyingine maji matupu. Kisha zilidondoshewa rangi. Seli iliyokufa huinywa ikawa buluu. Iliyo hai huikataa. Hildegarda aliinamia hadubini akahesabu. Kwenye mzizi zilizokufa zilikuwa karibu mara mbili ya zile za maji matupu. Moyo ukamchanua kama ua la boga asubuhi. Alimwona mama yake akilima tena, jembe likipanda na kushuka.

Mkuu wake, mzee Yeremia, hakushangilia. Alibandua majina kwenye visahani vipya, akaandika namba alizozijua yeye peke yake, kisha akamwamuru ahesabu upya.

Safari hii hesabu za mzizi na za maji zikalingana.

"Zile za buluu iliyofifia," Yeremia aliuliza, "mara ya kwanza uliziweka wapi?"

Hildegarda aliinamisha uso. Kwenye mzizi alizihesabu zimekufa. Kwenye maji alizihesabu ziko hai.

"Sikukusudia, mzee."

"Najua. Ungekusudia, leo usingekuwa na kazi."

Jumamosi aliukwea mlima akiwa na mzigo usioonekana. Alimwamkia mama, akaitikiwa, akaketi. Alieleza yote bila kujificha.

"Mzizi haukuua kitu, mama. Mimi ndiye niliyetaka uue."

Bibiana aliendelea kuchambua maharage, punje kwa punje. Hatimaye alisukuma ungo kando, akalegeza khanga. Uvimbe ulikuwa mkubwa kama ngumi ya mtoto.

"Haujanywea hata siku moja," alisema. "Ningekwambia kweli, ungenipeleka nikakatwe, na mizizi usingeifuata tena. Miezi ingepita sijakuona, mwanangu."

Hildegarda alimfunga khanga. Jumatatu walishuka pamoja hadi Mikumi kungoja basi la Kilosa, mama akiliegemea bega la mwanawe. Daktari hakuwaahidi kitu; alisema tu kwamba wangekuja mapema ingekuwa nafuu. Mmoja alivutia uzima, mwingine alivutia kuonana, na katikati yao ugonjwa ukala miezi saba. Kweli, mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake.