Mtoto wa Pimbi Asomee Wapi Uwakili?

Zamani hizo za kale, wanyama walipokuwa wanashtakiana badala ya kung'atana, mahakama yao ilikuwa kando ya bwawa. Msiniulize kwa nini bwawani. Mtajua sasa hivi, na wewe unayecheka huko nyuma utaacha kucheka.

Siku ninayoisema mimi, aliyesimama kizimbani alikuwa Pimbi. Mnamjua Pimbi, yule mdogo wa kwenye mawe. Mkia hana, na maneno nayo hana; ukimuuliza jambo anatetemeka tu. Alishtakiwa kwa kuiba mayai ya Bi Mbuni na kuyala yote usiku mmoja. Asubuhi maganda yalikutwa mlangoni kwake. Na sheria ya wakati ule haikuwa na huruma: mwizi wa mayai alitupwa bwawani jua likizama.

Bwawani alikaa Mamba. Sasa mmejua.

Waliomshtaki walikuwa mawakili wawili. Wa kwanza ni Fisi. Fisi alisoma Chuo cha Sheria huko mlimani, akala vitabu, akafanya mitihani, akapewa joho jeusi. Tangu siku ile hakulivua hata akienda kuoga. Wa pili ni Chui. Chui hakukanyaga chuo. Yeye alibeba mkoba wa wakili mzee Nyegere, akafagia baraza lake, akamwandikia barua zake, akakaa nyuma yake mahakamani mwaka baada ya mwaka, mpaka Nyegere alipomwambia, "Haya, leo simama wewe useme."

Wote wawili waliapishwa kiapo kimoja, mbele ya Jaji Tembo yule yule. Lakini kila mmoja alimwona mwenzake ni wakili wa bandia.

Basi mashahidi wakasema, wakamaliza. Bi Mbuni akalia, akanyamaza. Jua likaanza kuteremka. Nyuma ya kizimba, majini, taya likafunguka na kufungwa: kwap. Likafunguka tena: kwap.

"Pimbi," akasema Jaji Tembo, "una la kujitetea?"

Pimbi akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Mkewe alikuwa amekaa mbele kabisa, mikono juu ya tumbo. Bi Pimbi aliogopa, lakini kichwa chake kilikuwa kinafanya kazi. Alikuwa ameona jambo moja. Asubuhi ile Fisi na Chui walimleta Bi Mbuni moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Pimbi. Hawakuuliza njia, hawakupita mlango wa mtu mwingine. Walijua maganda yalipo. Lakini nani angemsikiliza mke wa mshtakiwa? Wangesema anamtetea mumewe, na kweli angekuwa anamtetea.

Akasimama.

"Mheshimiwa, mume wangu hajaacha wasia."

Jaji Tembo akawageukia mawakili. "Sheria inasemaje?"

Fisi akaruka juu, joho likapepea pwata pwata. "Sheria inaruhusu, Mheshimiwa. Kifungu kipo, tulikisoma chuoni. Mshtakiwa huacha wasia kabla ya hukumu, na neno lililosemwa wakati wa wasia halifutwi kamwe." Alisema hivyo kwa sababu alitumaini Pimbi atababaika na kukiri kosa.

Chui hakukubali kupitwa. "Na mimi nimeona kwa macho yangu, sikusoma," akasema. "Mzee Nyegere alisimamia wasia nyingi. Familia huomba ushauri kwa yeyote aliyepo, na aliyeombwa hakatai."

"Hakatai?" akauliza Bi Pimbi.

"Hakatai. Ndiyo desturi."

"Haya," akasema Jaji Tembo. "Lakini jua likizama kabla hamjamaliza, mimi simo."

Bi Pimbi akasogea karibu na kizimba, akamshika mumewe mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Mume wangu, sema neno moja tu," akamwambia. "Mtoto wetu nataka awe wakili. Asomee wapi? Chuoni kama Wakili Fisi, au abebe mkoba kama Wakili Chui?"

Pimbi akamtazama mkewe. "Mtoto? Mtoto yu—"

Bi Pimbi akamkanyaga kidole.

"Unaona, Mheshimiwa, baba mtu hajui. Na mimi sijui. Nawaomba mawakili hawa wanishauri, maana mimi ni mjinga wa mambo haya."

Kwap, likafanya taya la Mamba. Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye majani ya juu ya matete.

"Chuoni," akasema Fisi, wala hakufikiri. "Hakuna njia nyingine, bibie. Chuoni mtoto anafundishwa sheria ilitoka wapi na inakwenda wapi. Akiulizwa jambo ambalo halijawahi kutokea, analo jibu. Huyu mwenzangu anajua kesi alizoziona tu. Ikija kesi mpya anatoa macho."

"Macho ninayatoa nikikutazama wewe," akasema Chui. "Bibie, mtoto wa chuoni akimaliza masomo hajui hata mlango wa mahakama uko upande gani. Huyu hapa, siku yake ya kwanza kazini, alimtetea mtu asiyekuwa mteja wake. Mtu yule aliokolewa bila kuomba, na mteja mwenyewe akafungwa."

Watu wakacheka kidogo. Fisi akavuta joho.

"Mtoto wa mkoba naye," akasema, "akiwa na mwalimu mvivu anajifunza uvivu. Akiwa na mwalimu mwongo anajifunza uongo. Chuoni kuna walimu wengi, mmoja akikosea mwingine anasahihisha."

"Nyegere alikuwa mvivu?" Chui akainuka. "Mwalimu wangu unamwita mwongo?"

"Sijamtaja mtu."

Bi Pimbi alitaka wazozane, lakini si kwa habari za Nyegere. Jua lilibaki kipande.

"Wazee wangu, msigombane kwa ajili yangu," akasema kwa upole. "Nipeni mfano nilio nao mbele ya macho. Kesi hii ya leo mmeishinda nyote wawili. Ni elimu ya nani iliyoishinda? Hiyo ndiyo mwanangu atakayoifuata."

"Yangu," akasema Fisi. "Nani aliyesema kwamba bila kielelezo hakuna kesi? Ni mimi. Chui alitaka kuja hapa na maneno matupu. Nikamwambia, Jaji Tembo anataka kitu cha kushika."

"Alisema, kweli alisema," akajibu Chui. "Kusema ndiko walikomfundisha."

"Na kesi mkaishinda kwa kielelezo?" akauliza Bi Pimbi.

"Kwa kielelezo tu," akasema Fisi. "Yale maganda yamemmaliza mumeo, bibie, samahani."

"Basi nimeelewa." Bi Pimbi akageuka. "Mume wangu, sema chuoni. Wakili Fisi ndiye mwenye akili ya kesi. Wakili Chui kazi yake ilikuwa kubeba tu, na kubeba hata punda anabeba."

Mnaona alivyofanya? Tulieni, msiniharibie.

Chui masharubu yakamsimama. "Kubeba?" akasema. "Mimi nilibeba tu? Huyu msomi wenu alitaka maganda yafichwe chini ya kitanda cha Pimbi! Chini ya kitanda, nani atayaona? Ni mimi niliyemwambia yawekwe mlangoni, yapondwe kidogo, yaonekane yametupwa kwa haraka. Hilo halimo kwenye kitabu chochote. Hilo unalijua ukishakaa na kesi za—"

Akasita.

Hata Mamba alikuwa ameacha mdomo wazi, amesahau kuufunga.

Masikio ya Jaji Tembo yakajikunjua polepole, moja, halafu la pili.

"Wakili Chui," akasema, "yawekwe na nani?"

"Mheshimiwa," Fisi akadakia, sauti imepanda, "mwenzangu amechoka. Naomba neno hilo lifutwe."

"Neno la wasia halifutwi," akasema Jaji Tembo. "Umeniambia wewe, kwa kifungu. Na wewe Chui umeniambia aliyeombwa ushauri hakatai, basi nami naomba ushauri. Mayai yaliliwa usiku. Asubuhi nyinyi mlikuwa na maganda. Mliyatoa wapi?"

Fisi akamtazama Chui. Chui akatazama miguu yake. Ndipo tumbo la Fisi likanguruma: nguruuu. Tumbo lililokula mayai ya mbuni huchelewa kutulia.

Bi Mbuni alikuwa amekaa nyuma yao. Mguu wa mbuni mnaujua. Ulitua kwanza kwa Fisi, pwaa, kisha kwa Chui, pwaa, na kabla Jaji hajafungua mdomo wale wawili walikuwa wameshapotea kwenye matete, kila mmoja na njia yake. Joho likabaki majini. Mamba akalidaka, akalitafuna, akalitema kwa hasira.

Jua likazama, na Pimbi alikuwa bado kizimbani, mzima, anatetemeka vile vile.

"Shuka, Pimbi, nenda nyumbani," akasema Jaji Tembo. Kisha akamwinamia Bi Pimbi. "Na wewe mama, ulisomea wapi?"

"Sikusoma popote, Mheshimiwa. Nilitaka ushauri tu."

"Basi nikupe wangu. Mpeleke chuoni, akimaliza abebe mkoba wa wakili mwenye haya. Njia zote mbili ni nzuri. Hawa wawili wangeharibika kwa yoyote. Mwite huyo mtoto aje nimwone."

Bi Pimbi akatazama chini, akapapasa tumbo lake.

"Hawezi kuja leo, Mheshimiwa. Bado yumo humu. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kumwambia baba yake."

Pimbi, aliyesimama mbele ya taya la Mamba tangu asubuhi bila kuanguka, akaanguka pale pale, pu, na ikabidi Bi Mbuni ampepee kwa mabawa mpaka akaamka.

Na mimi hadithi yangu nimeitua hapa, nanyi ondokeni nayo hivi: wanaoshindana kujisifu humaliza kwa kujishtaki wenyewe.