Kasuku Juu ya Kichuguu

Paukwa!

Pakawa!

Mmekaa?

Tumekaa!

Basi tulieni. Na wewe unayecheka huko nyuma, cheka sasa, maana mbele hakuna kicheko.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na desturi yao. Kila asubuhi, kabla ya kunywa maji, walizunguka kichuguu kilichokuwa kando ya kisima. Mpasha habari alipanda juu, akasema aliyoyaona. Habari ikiwapendeza, walipiga miguu chini. Ikiwachosha, walikwenda zao kunywa.

Mpasha habari wao alikuwa Kanga. Sauti yake ilikwaruza, lakini hakusema ila aliloliona.

Siku moja watoto wa wanyama wakaanza kupotea. Chui, mlinzi wa kisima, akasema, "Wamehamia bonde la pili. Huko majani tele."

Kanga hakuridhika. Akaenda mpaka pangoni kwa Chui, akachungulia. Akaona kwato ndogo ndogo, zimetupwa. Akarudi mbio, akapanda kichuguu. "Jamani! Anayetulinda ndiye anayetula!"

Wanyama wakashikwa na hofu. Chui hakumgusa Kanga, mjanja yule! Alimpelekea Kasuku tini mbivu. "Ndugu yangu, wenzetu wamenuna. Hebu wachangamshe."

Kesho yake Kasuku akapanda kichuguu, akamwiga Nyani anavyogombana na mkewe. Miguu chini, pu! pu! pu! Kanga akaomba, "Twendeni pangoni mkaone!"

"Ngoja Kasuku amalize," wakamjibu.

Siku ya pili Kasuku akamwiga Kanga mwenyewe. "Jamani! Anayetulinda ndiye anayetula!" Wee! Walicheka mpaka wakagaagaa, na Swala ndiye aliyecheka kupita wote.

Kanga akamsogelea. "Dada Swala, mwanao Tunu asicheze mbali nawe."

Swala akafuta machozi ya kicheko. "Bibi wee, kila siku vifo tu! Huna hata kichekesho kimoja?"

Kanga akainamisha kichwa, akaingia porini. Hakuna aliyemwita. Nikifika hapa mimi huona uchungu.

Siku ya tatu Swala aliamka, Tunu hayupo. Akadhani ametangulia kisimani kumtazama Kasuku. Akaenda.

"Leo nina kipya," Kasuku akatamba. "Nimekipata jana usiku kule pangoni." Akatoa sauti nyembamba: "Mama! Mama, njoo! Sichezi tena, mama!"

Pu! pu! pu! Swala peke yake hakupiga mguu.

"Rudia," akasema.

Kasuku akafurahi, akarudia.

"Hiyo ni sauti ya mwanangu."

Miguu yote ikatulia. Swala akauliza, "Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Mbona hukusema?"

"Si ndiyo nasema? Mbona mmefurahi?"

Walipogeuka kumtafuta Chui, alikwisha kujitosa majanini, ameshiba. Wakamwita Kanga bonde zima. Hakurudi.

Mpaka leo Kanga anaishi vichakani, hupiga kelele kwa mbali, na ukimkaribia hukimbia. Na Swala, kila akiinamia maji, huinua kichwa kusikiliza. Amechelewa, maskini.

Mafunzo ndiyo hayo, wanangu: anayekuudhi kwa ukweli anakulinda. Ukimfukuza kwa kicheko, utamtafuta kwa kilio.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyeisikia aibebe, na akifika nyumbani awaangalie wanawe.