Gazeti la Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kulipa kodi kama sisi, Sultani Kiboko alitangaza kwamba kisima cha mji kimekauka. Akakizungushia ukuta. Tangu hapo wanyama wakawa wanashinda njiani kufuata maji ya tope.

Bi Pimbi, kadogo lakini kabishi, alikuwa na gazeti lake liitwalo Kweupe. Alichonga maneno kwenye ubao, akaupaka masizi, akapiga chapa juu ya majani ya mgomba: pa, pa, pa! Shida ni kwamba waliojua kusoma walikuwa wachache mno. Gazeti liliishia kufungia vitumbua sokoni, na jambo hilo lilimuuma kweli.

Siku moja Kiboko akasikia fununu kwamba gazeti linamtukana, askari wakamkamata Bi Pimbi. Mji mzima ukaitwa barazani umwone akinyongwa.

"Wewe ndiye unayenitukana?" Kiboko akanguruma. Mwenyewe hakujua kusoma hata herufi, na Fisi, mpiga mbiu wake, hakuwahi kuthubutu kumsomea.

Bi Pimbi akaona leo kufa kupo. Akajitupa chini, akalia kwi kwi kwi. "Ninyonge, baba. Ila nakuomba, gazeti lisisomwe hapa. Ni upuuzi mtupu. Watanicheka, nife na aibu juu."

Kiboko akafurahi mpaka tumbo likamtikisika. "Kumbe unaogopa kuchekwa? Fisi, soma. Lote."

Fisi akauliza, "Lote, bwana mkubwa?"

"Ukiruka neno moja, mtanyongwa wawili."

Basi Fisi, ambaye sauti yake husikika ng'ambo ya bonde, akalishika jani, akasoma: "Kisima hakikukauka. Sultani anaoga humo asubuhi na jioni. Anayebisha aweke sikio ukutani."

Hakuna aliyecheka.

"Nyamaza!" Kiboko akafoka.

"Bado mstari mmoja, bwana. Uliniambia nisiruke." Fisi akaendelea: "Ukuta wenyewe ni wa udongo, na sisi tuna pembe."

Mama Nyati akainuka taratibu, akajikung'uta vumbi. "Jamani, mmesikia nilichosikia mimi?"

Walikuwa wamesikia. Wakaondoka wote kwa pamoja, kishindo kikatanda mji mzima, na puu! Ukuta ukalala chini. Maji yalikuwa tele, yamejaa mpaka ukingoni.

Kiboko alitorokea mtoni na hajarudi hadi leo. Bi Pimbi alikunywa akashiba, akacheka peke yake, kisha akaenda kupiga chapa habari hiyo.

Basi wanangu, anayemwanika mnyonge hadharani ili achekwe, akumbuke kwamba hadhara ina masikio.