Mashine Isiyo na Chuma

Zamani hizo, wanangu, kila lugha ya kuiamuru kompyuta ilikuwa na mashine yake peke yake, na mashine ya lugha moja haikuelewa hata neno la lugha nyingine. Katika bonde la Mto Ngeza walikaa watu wa koo mbili walioijua kazi hiyo. Wasufuri waliandika programu kwa lugha inayohesabu kuanzia sufuri. Mashine yao ilipima maji ya bwawa na kuchagua lango la kufunguliwa. Wamosi waliandika kwa lugha inayohesabu kuanzia moja. Mashine yao ndiyo iliyoyafungua malango. Lango ambalo Wasufuri waliliita tatu, Wamosi waliliita nne.

Koo hizo zilikuwa na utani.

"Nyinyi mnahesabu kabla hamjashika kitu," Wamosi walisema.

"Na nyinyi mnaruka kizingiti ndipo mseme mmeingia," Wasufuri walijibu.

Walicheka pamoja, lakini lugha zao walifichana kama watu wafichavyo dawa ya ukoo. Kati ya mashine mbili ilipita karatasi tu. Msufuri aliandika namba ya lango, karatasi ikavuka ua, na Mmosi aliyeipokea aliongeza moja kabla ya kuiingiza katika mashine yake.

Mpokeaji alikuwa Bi Sikudhani, mwanamke wa sala na wa maneno machache. Masika moja maji yalijaa ghafla. Mzee Kitwana wa Wasufuri alimhurumia kwa haraka ile, akaongeza moja yeye mwenyewe kwenye tatu yake, akaandika nne. Hakumwambia, aliona ni wema mdogo tu. Bi Sikudhani akapokea nne, akaongeza moja kama ilivyo desturi, akaingiza tano. Lango la tano likafunguka. Shomari, mumewe, alikuwa ndani ya mfereji wa lango hilo akiondoa magogo.

Hakuna aliyekosa adabu siku ile, wala hakuna aliyekuwa mvivu. Kila mmoja aliongeza moja, basi.

Matangani watani walikuja, maana kazi ya mtani ni kumtania mfiwa hata atabasamu. Mzee Kitwana alisimama mlangoni, kofia mkononi, na mzaha haukumtoka.

"Mtani, leo huna neno?" Bi Sikudhani akauliza.

"Sina, mtani wangu. Nipige ukitaka."

"Sikupigi. Nachukua." Na mtani akichukua, anayechukuliwa hakatai, ndiyo sheria ya utani. "Nachukua kitabu cha lugha yenu. Chote."

Wazee wa Wasufuri wakanong'onezana, lakini Mzee Kitwana alikwenda akakileta.

Bi Sikudhani alikaa eda miezi minne na siku kumi, na humo ndani ya eda, baina ya sala na sala, aliunda mashine ya namna nyingine. Haikuwa na chuma wala waya. Ilikuwa ni maagizo matupu, yaliyokaa ndani ya kompyuta moja na kufanya kazi ya mashine. Ilikuwa na maneno yake machache na mafupi: weka, chukua, ita, rudi. Programu za Wasufuri zilifasiriwa kwa maneno hayo, na za Wamosi vilevile. Kila ukoo uliendelea kuandika kwa lugha yake na kuhesabu kwa hesabu yake. Lakini mle ndani hawakupeana namba tena. Lugha ya Wasufuri ilipochagua lango, iliikabidhi lugha ya Wamosi lango lenyewe kama lilivyowekwa mle katika kumbukumbu, na kitu ulichokabidhiwa mkononi hakihitaji kuongezwa moja.

Nafasi mle ilikuwa ndogo, kwa hiyo akaweka mfagiaji wa kuondoa vitu visivyoshikwa tena na yeyote. Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Je, mfagiaji akitazama mikono ya lugha moja tu, akatupa lango lililoshikwa na nyingine? Akaandika amri: mfagiaji akianza kufagia, lugha zote zisimame, na mikono yote itazamwe kwanza.

Masika yakarudi. Katika nyumba iliyo chini ya lango la tano, Mwanahawa, binti wa pekee wa Bi Sikudhani, alikuwa amejifungua siku sita tu zilizopita, bado yu kitandani na mtoto. Maji yakapanda. Lugha ya Wasufuri ikachagua lango, ikalikabidhi. Kisha mashine ikasimama kimya.

"Imekufa," akasema Mzee Kitwana, jasho likimtoka. "Turudi kwenye karatasi, mtani. Mimi naandika, wewe ongeza."

"Nani ataongeza? Mimi au wewe?"

Mzee Kitwana akanyoosha mkono kuichukua karatasi. Bi Sikudhani akaifunika karatasi kwa kiganja, akaizuia mezani. Alijua ni mfagiaji anapita, na amri ya kusimama aliiandika yeye. Maji yaligusa alama nyekundu ukutani mwa bwawa. Alisoma aya alizozijua tangu utotoni, akafika mahali akasahau, akaanza upya.

Lango la nne likanguruma, likafunguka. Maji yakashuka kwenye mfereji usio na mtu. Lango la tano lilibaki limefungwa, na Mwanahawa aliendelea kunyonyesha, asijue lolote.

Na tangu siku hiyo, wanangu, lugha nyingi za kompyuta hukaa katika mashine moja isiyo na chuma. Kila moja ina maneno yake na hesabu yake, nazo hupeana kitu chenyewe badala ya habari zake. Na ndiyo maana mara mojamoja zote husimama pamoja kwa kitambo, mpaka mikono yote itazamwe. Watu huona mashine imezubaa, wakagonga meza kwa hasira. Bi Sikudhani aliishi miaka mingi baadaye na kuiona ikisimama mara elfu na elfu. Hakuwahi kuzoea. Kila iliposimama, naye alizuia pumzi, akamtaja Mungu, akangoja.