Jina la Bwana Mdogo wa Kolbein

Sogeeni karibu, na mwenye ubishi wake asiuache nyumbani, leo nitauhitaji. Nina watu watatu na ahadi moja. Kichwa kimeniuma mpaka nimeamua kuwatwika nyinyi mzigo huu.

Mpira wa mikono mnaujua? Watu saba kila upande, ndani ya ukumbi, mpira unarushwa kwa mkono mpaka wavuni, na vikumbo vyake si vya masihara. Sasa kuna kisiwa cha baridi huko kaskazini, Aisilandi, ambacho watu wake wote ukiwakusanya hawajazi wilaya moja ya Dar es Salaam. Lakini mpira huo ni kama wamezaliwa nao. Klabu za Ulaya zinawafuata hukohuko kwenye theluji yao. Ndivyo klabu moja ya mji mdogo wa Ujerumani ilivyojikuta na Waisilandi wanne kwa mpigo.

Ketil alikuwa golikipa, na kipawa chake kilikuwa jicho. Kwenye basi la timu wenzake wakilala, yeye alikuwa anafuma sweta, maana kwao mwanamume kufuma si kioja, huku simu yake imeegemea kiti cha mbele inamwonyesha wapigaji wa timu pinzani. Akiliona bega lako likishuka kidogo tu, ameshajua mpira unakwenda wapi.

Steinar ndiye aliyegawa mipira, na kipawa chake kilikuwa kichwa. Alihesabu kila kitu: sekunde, pasi, hata ngazi za hoteli. Alikuwa na mabinti wanne nyumbani, na alipenda kusema kwamba hao ndio waliomfundisha kufikiri katikati ya kelele.

Dagur alikuwa winga, kijana wa miaka ishirini na mmoja, na kipawa chake kilikuwa mkono wa kushoto. Alikuwa akiupiga mpira chini, unadunda, kisha unakata kona wenyewe kama umesahau kitu upande wa pili. Magolikipa walimchukia kwa moyo wao wote.

Na wa nne? Wa nne ni Kolbein, ndiye mwenye hadithi. Huyu hakuwa na kipawa, masikini, alikuwa na mgongo tu. Kazi yake ilikuwa kusimama katikati ya mabeki wa adui, asukumwe, avutwe jezi, akanyagwe, ili wenzake wapate njia. Miaka kumi na minne aliifanya kazi hiyo katika klabu ileile, bila kununa. Dagur alipofika Ujerumani, mtoto asiye na baba, Kolbein na mkewe Hrefna walimpa chumba, akala mezani kwao miaka miwili.

Ikafika fainali ya kombe la klabu za Ulaya, dhidi ya Wadenmark. Kwa Kolbein ilikuwa mechi ya mwisho kabisa. Miaka thelathini na saba, magoti yamechoka, tiketi za kurudi kwao zimeshakatwa. Na nyumbani alikuwa na mtoto wa kiume wa wiki tano ambaye bado hakuwa na jina.

Msishtuke. Ndiyo desturi yao. Mtoto anazaliwa, anakaa wiki, hata miezi, hana jina, mpaka siku ya kubatizwa. Huyu walikuwa wanamwita Bwana Mdogo tu. Na jina kwao ni jambo zito, kwa sababu hawana majina ya ukoo. Rais anaitwa kwa jina lake la kwanza, daktari vilevile, mchungaji vilevile. Jina lako moja ndilo wewe mzima. Binti yao wa kwanza alipewa jina na Hrefna, kwa hiyo safari hii zamu ilikuwa ya Kolbein.

Turudi ukumbini. Mabao yalikuwa ishirini na nane kwa ishirini na nane, zimebaki dakika mbili kasoro sekunde kumi. Kolbein alikuwa benchi, ameinama, anachota ulimbo kwenye kisigino cha kiatu chake. Wachezaji wa mpira huu hujipaka ulimbo vidoleni ili mpira usiteleze, na akiba yake huibandika kwenye viatu. Katika mchezo huu pia huombi ruhusa ya refa kuingia, ila sharti ni moja: mwenzako atoke kwanza. Kolbein aliinua macho, akamwona mwenzake anakuja mbio, akaruka ndani. Mwenzake alikuwa bado hatua mbili.

Filimbi! Mtu kaingia kabla ya wakati. Adhabu, dakika mbili nje.

Loo! Miaka kumi na minne hajawahi kufanya kosa hilo hata mazoezini. Dakika mbili, na mechi imebakiza pungufu ya hizo. Maana yake asingerudi tena uwanjani, si leo wala maishani. Akaona mwisho wake wote utakuwa huo: mzee aliyeipotezea timu kombe kwa sababu ya hatua mbili. Akajifunika taulo usoni, na chini ya taulo akalia.

Marefa walikuwa wanazungumza na watu wa meza, mchezo umesimama. Waisilandi watatu wakaja benchi kunywa maji. Kolbein akasema kwa lugha ya kwao, ambayo mle ndani waliielewa wanne tu:

"Jamani, aibu hii nitazeeka nayo. Atakayenitoa humu, mwanangu atachukua jina lake. Naapa."

Ketil akamwambia, "Futa pua kwanza." Wakarudi uwanjani.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mtakapogombana.

Wadenmark walishambulia kupitia pengo lilelile la Kolbein, wakapata penalti. Mpigaji wao alikuwa hajakosa hata moja mwaka mzima. Ketil alikuwa amemtazama jamaa huyo kwenye simu muda wote aliofuma sweta mbili na soksi jozi moja, na alijua kitu ambacho jamaa mwenyewe hakukijua: akitaka kupiga chini, anameza mate. Akameza mate. Ketil akatupa mguu wa kushoto chini, mpira ukagonga ncha ya kidole gumba. Kucha ikang'oka, mpira ukarudi uwanjani. Bila Ketil, mambo yalikuwa yameisha palepale.

Mpira ukaangukia mikononi mwa Steinar. Wenzake wamepungua mmoja, adui wamekamilika, na dakika nzima ya kupitisha. Steinar akaanza kuwazungusha Wadenmark, pasi huku, pasi kule, mpaka refa akainua mkono. Mkono huo maana yake ni kwamba mnapoteza muda, mna pasi nne tu za mwisho. Steinar akahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Zilipobaki sekunde tano alijipenyeza makusudi kati ya mabeki wawili ili wote wamrukie, wakamrukia kweli, na ubavu wake ukalia kwa sauti iliyosikika benchi. Hakuanguka. Alitoa pasi ya nne kwa nyuma, bila kutazama, mpaka pembeni kabisa. Bila Steinar, mpira ungerudi kwa Wadenmark.

Pembeni kabisa alikuwapo Dagur. Kutoka alipokuwa, goli lilikuwa jembamba kwake kuliko mlango ulioegeshwa, na golikipa wa adui ameliziba lote. Kocha wake mwenyewe alifumba macho. Dagur akaruka, akaning'inia hewani, akasubiri golikipa anyooshe mikono juu, kisha akaupiga mpira chini, nje ya goli kabisa. Ukadunda, ukakata kona, ukapita nyuma ya kisigino cha golikipa, ukaingia. Honi ikalia. Bila Dagur, ile pasi ingekuwa ya bure.

Kolbein alivuliwa taulo, akabebwa juu juu, akapewa kombe alinyanyue yeye. Alicheka na kulia kwa pamoja. Kisha, akiwa bado mabegani mwa watu, akaikumbuka ahadi yake, na kicheko kikakatika.

Hrefna alipoelezwa aliweka mikono kiunoni.

"Umeapa kwa jina la mwanangu? Kwenye benchi?"

"Nilikuwa na taulo kichwani, mke wangu. Sikuwa na akili."

"Sawa. Zamu ni yako, umalize mwenyewe."

"Nilikuwa nafikiri tumpe majina yote matatu."

"Mwanangu si kikosi! Uliapa jina, si majina."

"Basi tupige kura."

"Kura?" Hrefna akamtazama mpaka mwenyewe akaona haya. "Akikua akiuliza kwa nini anaitwa hivi, utamwambia ulichomoa karatasi kwenye kofia?"

Kiangazi kikafika, wakarudi Aisilandi, na wale watatu wakaja likizo kwa ajili ya ubatizo. Siku iliyotangulia, Kolbein aliwapeleka kwenye bwawa la maji moto. Wenzetu hao hawana baraza. Barazani kwao ni majini: maji ya moto kutoka ardhini, watu wanakaa yamewafika mabegani, wanachambua dunia. Mji mzima ulikuwa umeshagawanyika juu ya jina hilo. Wapo waliosema asiyezuia hana cha kugawa, wapo waliosema mwenye ubavu uliovunjika ndiye mwenye haki, wapo waliosema bao ni bao, mengine ni maneno.

Kolbein akasema, "Amueni nyinyi wenyewe. Mimi nimeshindwa."

Ketil akasema, "Mpe Steinar. Mimi nimepoteza kucha tu, itaota."

Steinar akashika ubavu. "Usinichekeshe, naumia. Mpe Dagur, bao ni lake."

Dagur akasema, "Mpe Ketil. Bila yeye mimi ningepiga nini?"

"Ala! Sasa mnapasiana!" Kolbein akapiga maji kwa kiganja. "Nimewainulia mkono, mna pasi nne tu!"

Wakacheka wote, mpaka Dagur akaacha kucheka. Akatazama maji.

"Kusema kweli," akasema, "mimi nalitaka. Baba yangu simkumbuki. Familia niliyonayo ni ya nyumba ile. Nikiwa na somo yangu mle ndani, basi hata nikienda mbali nitakuwa nimebaki."

Steinar akajikohoza. "Na mimi nalitaka. Lilikuwa la babu yangu, nami ndiye Steinar wa mwisho kwetu. Mabinti wangu nawapenda kuliko macho yangu, lakini hakuna hata mmoja atakayeitwa Steinar."

Akabaki Ketil. Yeye na mkewe walikuwa wamengoja mtoto miaka kumi na miwili, na mwaka ule madaktari walikuwa wamewaambia waache kungoja. Hatimaye akasema, "Nimemfumia sweta. Kifuani nimeacha nafasi ya herufi moja. Sikuishona. Uzi ninao mfukoni." Akazamisha uso majini, na alipoinuka hakuna aliyeweza kujua maji gani ni ya bwawa.

Kolbein aliwatazama wote watatu. Aliwapenda sawasawa, na hapo ndipo palipomuuma. Kama angekuwapo mmoja wa kumpenda pungufu, kazi ingekuwa nyepesi.

Kesho yake, saa tano asubuhi, kanisa dogo la mbao likajaa. Ketil alikaa benchi la mbele, sweta imekunjwa magotini, uzi na sindano juu yake. Steinar alikaa wima kwa sababu ya ubavu, mabinti wanne wamemweka katikati. Dagur ndiye aliyekuwa amembeba Bwana Mdogo mpaka mlangoni, maana mtoto yule alikuwa halali ila kwenye mkono ule wa kushoto. Akamkabidhi kwa baba yake taratibu, akaenda kukaa na wenzake.

Hrefna akamnong'oneza mumewe, "Umeamua?"

"Nimeamua mara tatu," Kolbein akajibu.

Mchungaji akachota maji kwa kiganja. Kwao jina halijulikani na mtu mpaka mchungaji aulize na mzazi atamke, mara moja tu, kwa sauti. Kanisa zima likainama mbele kusikia. Wanaume watatu wakatazama viatu vyao. Bwana Mdogo akafumbua macho, akamtazama baba yake kama anayengoja pia.

Mchungaji akauliza, "Mtoto huyu anaitwa nani?"

Kolbein akafungua mdomo.

Mimi hadithi nimeiishia hapo. Nimemshika miguu asiseme mpaka niwasikie nyinyi. Jicho lililozuia, kichwa kilichopitisha, au mkono uliomaliza? Asiye na mtoto, asiye na mrithi wa jina, au asiye na baba? Lakini utakapojibu, litamke jina kwa sauti kama vile uko kanisani, ukijua kwamba kuna wawili wanaokupenda ambao watasikia jina lisilo lao. Haya, maji yako kiganjani na yanavuja. Wewe ungemwita nani?