Kikapu cha Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa wakipika, wakijenga na kuwachosha majirani zao kama watu, Bi Pimbi alitaka kujenga tanuri la mikate. Ujuzi alikuwa nao, matofali hakuwa nayo. Akapita nyumba hadi nyumba akiwaomba wenye nguvu wamletee, na kila tofali likahesabiwa kuwa hisa moja. Tembo akaleta mengi, Nyati akaleta ya kutosha, Fisi akaleta machache na kelele nyingi. Matofali hayo ndiyo yaliyokuwa mtaji. Kila mavuno, mikate ikishauzwa, faida iligawanywa kwa kila hisa, na fungu hilo wakaliita gawio.

Rahisi, sivyo? Hata nyinyi watoto mmeelewa. Bi Pimbi aliwaeleza wanahisa wake mpaka ulimi ukamkauka, na bado hawakuelewa.

Kila mmoja alidhani hisa yake ni lile tofali lake mwenyewe. Nyati alikuja kila asubuhi kulipapasa lake aone kama limenenepa. Tembo aliegemea ukuta, upande aliodai ni wake, na ukuta ukalia kwaa. Fisi naye, akikosa kitoweo tu, alikuja kudai tofali lake akaliweke nyumbani.

"Bwana Fisi," Bi Pimbi alimwambia, unga umemjaa mpaka kwenye masharubu, "nikilitoa tofali lako tanuri litaanguka. Wewe una sehemu katika tanuri zima, moto wake na mikate yake. Ukilichoka, nenda sokoni ukamuuzie mwenzako hisa yako. Tanuri lenyewe libaki pale pale."

Fisi akasema ameelewa. Kesho yake akaja na mtaimbo.

Soko lenyewe lilikuwa nyuma ya tanuri, na dalali wake alikuwa Kanga, kazi yake kuwakutanisha anayeuza na anayenunua. Wanunuzi wakizidi, bei ilipanda. Wauzaji wakizidi, ilishuka. Kwa kawaida hisa moja ilikwenda kwa pishi ya mtama, yaani vibaba vinne.

Masika ya mwaka ule kuni zikalowa, mikate ikatoka michache. Kanga akatangaza kuwa bei imeshuka kidogo. Nyati akasikia, akatimka, vishindo gudu gudu gudu, mpaka kwa Tembo, akamwambia tanuri limekufa. Tembo akataka kuuza. Fisi alipoona wawili wanauza, naye akataka kuuza, bila hata kuuliza kwa nini. Wote wanauza, nani anunue? Bei ikaanguka puu, mpaka konzi moja ya mtama, kiasi cha kujaa mkononi tu.

"Kama hakuna mnunuzi," Nyati akaamua, "kesho kila mtu abomoe lake aende nalo."

Bi Pimbi akasimama mbele ya tanuri. Watoto wake walikula kutokana na tanuri lile, na hakuwa na jingine. Akawaeleza tena kwamba unga upo, wateja wapo, jua likiwaka kuni zitakauka. Nyati alitazama pembeni. Tembo alipiga miayo. Bi Pimbi akabaki na hasira tu.

Basi akachukua kikapu kikubwa, akakijaza majivu, juu akatandaza mtama kidogo wa kufunikia.

Asubuhi aliwakuta na mitaimbo yao. Akatabasamu, na kutabasamu kule kulimgharimu kuliko kukanda unga wa wiki nzima.

"Dalali, nanunua," akasema. "Hisa zote, kwa bei ya leo, konzi moja moja. Ila tufanye haraka, nina shughuli."

Nyati akashusha mtaimbo wake. "Zote? Unazitakia nini?"

"Ni mambo yangu tu, Bwana Nyati. Si umesema tanuri limekufa? Haya, niuzie."

Nyati akakunja uso. Huyu ndiye mwokaji, alijiambia, analijua tanuri ndani na nje. Kama analitaka, basi kuna jambo. Akasema hauzi.

Lakini Tembo alikuwa amechoka na mvua, amechoka na kelele, akasema yeye anauza, apewe mtama wake. Akaunyoosha mkonga kuelekea kikapuni.

Mkonga ungezama kidogo tu ungetoka na majivu. Bi Pimbi akakikumbatia kikapu kwa mikono yote miwili.

"Ahsante, Mzee Tembo," akanong'ona, kunong'ona kwa kusikika mpaka mtoni. "Wewe hasa ndiye niliyekuwa namtaka, maana hisa zako ni nyingi. Twende kando, Fisi asije akasikia."

Fisi alikuwa amesikia zamani. Akajitupa katikati yao. "Usimuuzie, Mzee! Mimi natoa vibaba viwili kwa kila hisa!"

Nyati akasema vitatu. Fisi akapanda mpaka pishi, Nyati akaongeza nusu, na Kanga akawa anazitangaza bei mpaka sauti ikamkauka. Tembo akawatazama, akaurudisha mkonga wake polepole.

"Siuzi hata kwa gunia," akasema, akaenda kusimama mbele ya tanuri kulilinda, mtu asiliguse.

Hakuna hisa iliyouzwa siku ile, na hakuna tofali lililotoka. Bi Pimbi akaketi juu ya kikapu chake. Alitaka kucheka, akashindwa kwa uchungu. Wote watatu walikuwa wamesimama hatua chache kutoka kwenye rundo la kuni, na hata mmoja hakugeuka kutazama kama zimekauka.

Jua likawaka, mikate ikatoka, gawio likagawanywa. Fisi akazunguka mji mzima akijisifu kwamba ni yeye aliyeliokoa tanuri.

Funzo ni hili: mwenye hisa aulize kwanza hali ya tanuri, ndipo aulize jirani anafanya nini. Hadithi imeishia hapo, na asiyeelewa akamuulize Fisi, mimi nimechoka.